Fundi Badru Mfaume na Safu ya Kurudi

Leo Ijumaa, tarehe 31 Machi 1995, Fundi Badru Mfaume anatimiza miaka ishirini na minane na miezi tisa ya utumishi katika Kiwanda cha Makopo cha Yombo, na anastaafu akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Hafla ya kumuaga inafanyika kantini kuanzia saa nane na nusu mchana, baada ya swala ya Ijumaa. Waliopendekeza ifanyike kwenye ukumbi wa mikutano walijibiwa na mstaafu mwenyewe kwamba kule hakuna ukuta. Sisi wa siku nyingi tunajua anasema ukuta gani. Kwa ajili ya wageni na wafanyakazi wapya, inafaa tueleze.

Fundi Badru alizaliwa Mbagala mwaka 1940, akasoma hadi darasa la nane. Kazi ya rangi alijifunza kwa mjomba wake aliyekuwa akiandika majina ya maduka Kariakoo. Aliajiriwa hapa tarehe 1 Julai 1966 kama fundi rangi, na kazi hiyo hakuiacha hata siku moja. Namba zote za mapipa, majina ya milango na maneno ya tahadhari kwenye mashine ni mkono wake. Neno HATARI lililo kwenye mashine ya kukatia mabati aliliandika mwaka 1967, na kila Januari hulipaka upya bila kuagizwa. Amefundisha mafundi watatu, na wote wanasema alianza kwa kuwafundisha kuosha brashi, akawaacha hapo mwezi mzima.

Ukuta tunaousema uko upande wa kantini ambako foleni ya chakula hupita, nao una urefu wa mita kumi na nne. Juu kabisa umeandikwa SAFARI ZA BINADAMU ANGANI. Chini yake kuna safu mbili, nazo hurudiwa kipande kwa kipande kwa urefu wote wa ukuta. Ya kushoto ni WAMEONDOKA, ya kulia ni WAMERUDI, na kila safari ina mstari wake. Kuondoka huandikwa kwa rangi nyeusi, kurudi kwa kijani, na rangi zote ni masalio ya kazi ya mapipa. Mtu mwenye sahani mkononi huanza na Oktoba 1957, chombo cha kwanza cha Warusi kisichokuwa na kiumbe ndani. Kisha humpita yule mbwa jike wa Novemba mwaka huohuo, ambaye upande wake wa kulia una neno moja: Hakurudi. Halafu yuko Gagarin, 12 Aprili 1961, miezi minane kabla ya Uhuru wetu, aliyeizunguka dunia na kutua kwa dakika mia moja na nane. Yuko mwanamke wa kwanza, Juni 1963, na mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea, Machi 1965. Foleni ikifika kwenye sufuria la maharage, msomaji yuko mwezini. Leo mistari ni mia na themanini na kitu.

Ukuta ulianza kwa ubishi. Asubuhi ya Jumatatu, 21 Julai 1969, watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wanakunywa chai wakisubiri king'ora cha saa kumi na mbili, mara redio ya kantini ikatangaza kwamba Mmarekani amekanyaga mwezi. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika hamsini na sita. King'ora kililia, watu hawakunyanyuka. Kitabu cha mahudhurio cha siku hiyo bado kipo stoo, na kinaonyesha watu thelathini na mmoja walichelewa kazini. Siku mbili baadaye likaja gazeti lililosema ni tarehe 20 Julai, kwa kuwa huko Marekani ilikuwa bado Jumapili. Kiwanda kikagawanyika. Waliosoma gazeti waliwaita waliosikia redio waongo, na waliosikia redio walisema wao walikuwepo. Fundi Badru akachukua chaki, akaandika ukutani: Mtu amekanyaga mwezi, 21 Julai 1969, saa 11.56 alfajiri, saa za Yombo. Aliyetaka saa za kwingine aliambiwa aende akaandike kwenye ukuta wa huko.

Aliyeisoma chaki ile kwa makini kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amefika karibuni kutoka Masasi, kazi yake kuosha masufuria. Jina lake Filomena. Leo ndiye mpishi wetu mkuu. Aliuliza swali moja: "Kupanda wamepanda, kaka Badru. Wamerudi?" Wale watu walikuwa bado njiani. Walitua tarehe 24. Siku iliyofuata alichora mstari wa wima kando ya maandishi yake, na hivyo ikapatikana safu ya kulia. Meneja wa wakati huo aliruhusu rangi badala ya chaki, kwa sharti kwamba kazi ifanyike nje ya saa za zamu.

Tangu hapo Jumamosi zake zilikuwa za mjini. Alizunguka vyumba vya kusomea vya balozi, vya Warusi na vya Wamarekani, akiwa na daftari la shule, akianza na safari za nyuma tangu 1957. Alikuja kugundua kwamba kila upande ulieleza safari zake kwa kirefu na ajali zake kwa kifupi, kwa hiyo ajali za Warusi alizisoma kwa Wamarekani na za Wamarekani kwa Warusi. Hapo ndipo alipopata desturi yake ya vinywa viwili: habari haipandi ukutani mpaka isemwe na vinywa viwili visivyopendana.

Kazi ya safu ya kulia haikuwa nyepesi siku zote. Juni 1971 Warusi watatu walishuka wakiwa wamekaa vitini mwao, lakini hewa ilikuwa imevuja njiani na wote walikuwa wamekufa. Fundi alikaa siku nne na brashi kavu. Kijani hakikufaa, na kusema hawakurudi haikuwa kweli. Mwishowe aliandika kwa rangi nyeusi: Wamerudishwa.

Zilikuwepo pia siku za kucheka. Juni 1985 alipanda mwanamfalme kutoka Saudi Arabia, Mwislamu wa kwanza kufika huko, zikiwa zimebaki siku chache mwezi wa Idi uandame. Wazee wa idara ya upakiaji hawakumaliza hilo jambo mwezi mzima. "Huyo kaufuata mwezi hukohuko," walisema, "sie tumebaki kuutafuta Mbagala kwa macho." Filomena naye alikuwa na dai lake la kudumu: ukuta hauelezi watu hao wanakula nini. Fundi alikwenda kusoma, akarudi na jibu kwamba safari za mwanzo chakula kilikaa kwenye mrija na kukamuliwa mdomoni. "Kama dawa ya meno?" Filomena aliuliza, upawa mkononi. "Basi kuanzia leo asinilaumu mtu kwa haya maharage."

Lipo kosa moja kwenye ukuta ule, na mstaafu ametuagiza tusiliruke.

Fundi Badru hapendi kuacha kazi nyuma yake. Kabla ya likizo hupaka namba za mapipa ya wiki mbili zijazo, ili asiyekuwepo asikosekane. Ijumaa tarehe 24 Januari 1986 alikuwa anakwenda Kilwa kumwoza binti yake. Magazeti yalikuwa yamejaa habari za chombo cha Wamarekani kitakachopanda siku chache zijazo kikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule. Vyombo vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha kwenda mara ishirini na nne, na mara zote vilirudi. Fundi akafanya kama anavyofanya kwa mapipa. Akaandika kwa nyeusi: Saba, pamoja na mwalimu wa shule, Januari 1986. Akachovya brashi nyingine, akaandika kwa kijani: Salama. Akaenda harusini.

Chombo kilipasuka angani Jumanne tarehe 28, hata dakika mbili hazijatimia tangu kiruke. Jumatano saa ya chakula foleni ilisimama mbele ya lile neno la kijani, na watu wakashindwa kupita. Wengine walitaka lifutwe palepale. Filomena alitoka jikoni, akavua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akaigonga ukutani kwa misumari miwili ikafunika mstari wote. "Watu hawawezi kula mbele ya neno lile," alisema, "na mie siwezi kumfutia mtu kazi yake. Akija atafuta mwenyewe."

Kanga ilikaa siku kumi na mbili. Fundi alirudi Jumatatu, 10 Februari. Habari alikuwa ameisikia Kilwa, na baadaye alisimulia kwamba alipokea wageni wa harusi huku anawaza neno moja. Aliing'oa misumari, akaikunja kanga, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya Salama, na pembeni akaandika kwa nyeusi: Hawakurudi. Filomena alimshauri apake chokaa pale mahali, watu wasahau. Alimjibu, "Aliyeona ameona, Filo. Acha na mie nione kila siku."

Kuanzia siku hiyo Fundi Badru hajaandika kurudi kwa mtu yeyote kabla hajarudi. Sheria hii aliichukulia kwa uzito hata mahali ambapo haikutakiwa. Ubao wa magari getini, wenye nafasi ya kuandika saa gari litakaporejea, aliukataa. Ikabidi mlinzi ajifunze kuandika. Kwenye fomu za likizo, penye tarehe ya kurudi kazini, aliandika Inshallah. Ofisi ya utumishi ilimrudishia fomu hiyo mara tano. Mara ya sita ilichoka.

Mwaka 1991 lilianza jambo ambalo, kwa sheria hiyo, lilikaribia kumtoa kazini.

Mwezi Mei mwaka huo Mrusi mmoja, Krikalev, alipanda kwenda kwenye kile kituo chao cha angani kiitwacho Mir. Alitarajiwa kukaa miezi mitano hivi. Oktoba aliyepanda naye alishuka, yeye akaambiwa abaki. Desemba nchi iliyompeleka ikavunjika, bendera ikashushwa, na yeye bado yuko juu anaizunguka. Hapa kantini mstari wake ulisomwa kuliko ule wa mwezini. Tulikuwa na sababu. Kiwanda chetu nacho kilikuwa kimewekwa kwenye orodha ya mashirika ya umma yanayotafutiwa wanunuzi, na hatukujua nani atabaki na nani atashuka.

Januari 1992 meneja wetu, Bwana Revelian, aliarifiwa kwamba wageni wanaotaka kununua watakuja kukagua baada ya Idi, mwanzoni mwa Aprili. Akaagiza kuta zote zipakwe chokaa nyeupe. Fundi Badru alipaka stoo, ofisi, vyoo, uzio na kibanda cha mlinzi. Kufikia tarehe 7 Februari alikuwa amebakiza ukuta mmoja. Alikwenda ofisini kwa meneja, akaeleza kwamba kuna mtu yuko juu na mstari wake uko wazi. Akishuka, yeye mwenyewe ataleta ndoo.

"Na asiposhuka?" meneja aliuliza.

"Nitaandika hivyo, Bwana Meneja. Halafu nitapaka."

Barua ya onyo ilitoka tarehe 12 Februari. Ilisema kukaidi agizo halali kwa mara ya pili kutachukuliwa kuwa sababu ya kuachishwa kazi. Wakati huo orodha ya watu wa kupunguzwa ilikuwa inaandaliwa, na Fundi alikuwa amebakiza miaka mitatu tu afikie pensheni. Marafiki walimsihi. Mke wake alikuja hadi getini kumsihi. Filomena, ambaye hana desturi ya kusihi, alimwambia mbele ya foleni nzima, "Kaka Badru, huyo Mrusi hakujui! Hata ukifukuzwa hatakuletea kilo ya mchele." Fundi akajibu kwamba ni kweli hamjui, ila yeye alimwandika. Ameshaandika kwamba ameondoka, na hawezi kupaka chokaa juu ya mtu aliye njiani.

Krikalev alitua Jumatano tarehe 25 Machi 1992, baada ya siku mia tatu na kumi na mbili. Redio ilisema jioni hiyo, gazeti likasema Ijumaa. Vinywa vikawa viwili. Ijumaa hiyo Fundi aliandika kwa kijani, polepole, na watu walipiga makofi ingawa ilikuwa Ramadhani na wengi wetu tulikuwa tumekuja kuangalia tu.

Jumatatu tarehe 30 alifanya alivyoahidi. Saa nne asubuhi aliingia kantini na ndoo ya chokaa, ngazi na brashi pana. Bwana Revelian alikuja kushuhudia, na wakati akisubiri chokaa ikorogwe, akaanza kusoma kuanzia mwanzo. Tunavyojua sisi, katika miaka yake mitatu ya umeneja hakuwahi kupanga foleni. Chakula chake kilipelekwa ofisini. Alisoma kwa robo saa. Alipofika kwenye Salama iliyokatwa, alisimama sana. Fundi alikuwa ameshapanda ngazi.

Ndipo Filomena alipotokeza kwenye dirisha la jikoni. "Shikamoo meneja. Naomba kuuliza. Hao tisa je?"

"Tisa gani?"

"Huyo Mrusi kashuka, Mungu ashukuriwe. Lakini kuna wawili wamepanda wiki mbili zilizopita kwenda kukaa palepale alipotoka. Na watu saba wa chombo cha Wamarekani wako juu tangu Jumanne. Hiyo mistari hapo chini, haina kijani. Wawili na saba si tisa?"

Bwana Revelian akageuka kwa Fundi. Fundi, akiwa juu ya ngazi na brashi inayodondosha, alikiri kwamba ni tisa. Meneja akauliza ni lini ambapo huwa hapana mtu kabisa huko juu. Fundi akafikiri, akasema kwamba kile kituo cha Mir hakijabaki kitupu tangu Septemba 1989. Kabla wa zamani hawajashuka, wapya huwa wameshafika. Meneja alitazama ukuta, akatazama ndoo. "Shuka, mzee," alisema. "Utaanguka na saumu hiyo."

Kesho yake, 31 Machi 1992, iliingia kwenye faili barua ambayo nakala yake imebandikwa karibu na mlango wa jikoni. Barua ya onyo ilifutwa. Kuhusu kantini, iliandikwa: Ukuta wa upande wa foleni utapakwa chokaa siku ambayo hakutakuwa na mtu yeyote angani. Leo barua hiyo inatimiza miaka mitatu, na siku hiyo haijafika. Wageni walikuja Aprili, wakala pilau, wakakagua mashine, wakaondoka bila kununua. Walionunua hisa walikuja mwaka uliofuata. Nao waliuliza kuhusu ukuta, wakaonyeshwa barua.

Katika mwezi wake wa mwisho Fundi amekuwa na kazi nyingi kuliko kawaida. Tarehe 14 Machi mwaka huu walipanda Warusi wawili na Mmarekani mmoja ndani ya chombo kimoja cha Kirusi, jambo ambalo mwaka 1969 lingeleta ubishi mkubwa kuliko wa tarehe. Siku hiyo watu kumi na watatu walikuwa angani kwa wakati mmoja, idadi ambayo haijawahi kufikiwa. Tarehe 22 alishuka daktari Mrusi, Polyakov, aliyekaa juu siku mia nne thelathini na saba, muda mrefu kuliko mtu yeyote. Fundi alimwandika kwa kijani Ijumaa iliyopita. Hicho ndicho kijani chake cha mwisho.

Maana mstari mmoja uko wazi. Wale watatu wa tarehe 14 bado wako juu, na inatarajiwa watashuka katikati ya mwaka, wakati Fundi yuko kwenye mikorosho yake Mkuranga. Hilo ndilo lililomkosesha raha, na baadhi yetu tulidhani ataomba aongezewe miezi. Hakuomba. Jumanne wiki hii aliingia jikoni na brashi iliyooshwa, kopo la rangi nyeusi na kopo la kijani, akaviweka mbele ya Filomena.

"Mie?" Filomena alisema. "Mie mwandiko wangu ni wa ubao wa chakula: leo ugali na mchicha."

"Swali lilikuwa lako tangu mwaka sitini na tisa," Fundi alimwambia. "Mie nilikuwa nakujibu tu."

Filomena akauliza afanye nini akikosea. Akaambiwa apige mstari mmoja, asifute.

Alikosea jana. Kwa furaha ya kazi mpya aliwahi asubuhi, akaandika kwa nyeusi chini ya wale watatu: Badru Mfaume, 31 Machi 1995. Mwandiko ni mzuri kuliko alivyotuambia. Fundi alipokuja kunywa chai aliusoma, akaweka kikombe chini. "Leo tarehe thelathini, Filo. Niko hapa mbele yako, nakunywa chai yako." Filomena alichukua brashi, akapiga mstari mmoja juu ya jina. Sasa ukuta una makosa mawili, na wakosaji wote wawili wameagiza yaachwe.

Kwa hiyo ratiba ya leo ina jambo moja ambalo halikuchapwa. Mgeni rasmi akimaliza, sote tutamsindikiza Fundi hadi getini. Akishatoka, si kabla, Filomena atarudi kantini na kopo la rangi nyeusi. Upande wa kulia utabaki wazi, na kwa desturi yetu hatutaandika hapo mpaka tumwone amesimama kwenye foleni na sahani yake.

Fundi Badru, uongozi na wafanyakazi wote wa Yombo tunakushukuru kwa kila namba, kila HATARI, na kwa kutufundisha kusubiri. Maisha yako mapya yawe mema, wewe na mama watoto. Utue salama Mkuranga, na ukishatua tuletee habari kwa vinywa viwili.